Nimemchora nyanya, akatoka mtu mwingine

Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 31, na ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kibuye. Kabla ya kuajiriwa nilikuwa nakula kwa penseli. Watu walinitumia picha kwa simu: mzee anayestaafu, mtoto anayetimiza mwaka mmoja, marehemu ambaye familia inataka sura yake sebuleni. Nilikuwa naigawa picha kwa miraba, naigawa na karatasi vivyo hivyo, kisha najaza mraba mmoja mmoja mpaka sura inatokea. Wateja walishukuru, na wengine walitoa machozi. Nikaamini kwamba mimi ni mchoraji wa sura.

Kazi ya dukani ilipoanza, penseli ikalala. Natoka nyumbani Nyalenda asubuhi, narudi jioni nimechoka, mtoto ananidai. Niliporudi nyumbani Siaya wakati wa likizo, nyanya yangu, ambaye amepita miaka 80, akasema, "Wewe si ndiye unachoraga watu? Nichore." Akakaa kwenye kiti mbele ya nyumba, kilemba kichwani. Sikuwa na picha wala rula. Nilichora karibu saa mbili huku shangazi zangu wakipita nyuma yangu wakichungulia. Mwalimu, akatoka mtu nisiyemjua. Macho yamekaa juu sana, kichwa kimekatwa kama kimefinyangwa, mdomo umekaza kama wa mtu anayedai deni. Shangazi mmoja akauliza huyo ni nani. Nyanya akaitazama karatasi muda mrefu, kisha akasema, "Ni mimi, wakati ule nilipougua."

Niliporudi Kisumu nikaamua kurudisha mkono. Kila Jumapili mchana natandika karatasi kubwa ya A3, natafuta picha kwenye simu, naanza sura moja kubwa. Mtoto anaamka kabla sijafika kwenye pua. Jumapili inayofuata hata kuitazama sitaki. Rafiki yangu mmoja anayechora mabango ameniambia niache hiyo A3, nichore vijimchoro vya haraka kila siku, dakika mbili tatu. Lakini kama saa mbili zimenishinda, dakika mbili zitafanya nini?

Nilijaribu mara moja hata hivyo. Nilisimama Kibuye nikaanza kumchora mama anayeuza omena. Akaniona. Akainuka, akaniuliza nani amenituma, akidhani mimi ni wa kaunti nimekuja kuandika vibanda. Majirani zake nao wakaanza kusogea. Nikaondoka haraka.

Kaka yangu anasema nisijisumbue, maana siku hizi kuna programu kwenye simu inayogeuza picha kuwa mchoro wa penseli kabla hujafumba jicho. Na juu ya hayo yote, mteja wetu mmoja dukani amesikia kwamba nilikuwa nachora. Wazazi wake watatimiza miaka 50 ya ndoa mwezi Desemba. Anataka niende nyumbani kwao niwachore wakiwa wamekaa, kwa sababu baba yake hataki kabisa kamera. Sasa ni Agosti. Nikubali au nikatae? Na huu mkono nitaurudishaje?

Mkono Mzito,
Kisumu

*

Mkono Mzito, binti yangu,

Nyanya yako angefaa kuwa balozi. Mpelekee salamu zangu.

Unasema ustadi wako umepotea tangu uajiriwe. Mimi naona hivi: ustadi uliokuwa nao, bado unao. Ukipewa leo picha, rula na jioni moja tulivu, miraba utaijaza vizuri tu. Kilichokushinda mbele ya nyanya ni ustadi mwingine, ambao miraba haikukudai hata siku moja. Mraba ulikuambia jicho lianzie wapi na liishie wapi. Wewe ulibaki na kazi ya kutia kivuli. Mbele ya mtu aliye hai hakuna wa kukuambia. Anageuka, anacheka, anamfukuza kuku, na kila uamuzi ni wako: kichwa kina ukubwa gani, kimeinama upande upi, kutoka pua hadi mdomo ni umbali gani. Siikashifu miraba. Wachoraji wakubwa wameitumia kwa karne nyingi kuhamishia picha ukutani, na familia ikikuletea picha ya kitambulisho ya marehemu, itumie bila aibu. Ila usiite kazi hiyo mazoezi ya kuona.

Hapo ndipo jibu la swali lako kuhusu dakika mbili lilipo. Katika mchoro wa saa mbili, maamuzi yanayofanya sura ifanane au isifanane hufanyika mwanzoni kabisa, pale unapoweka umbo la kichwa, mwinamo wake, na mstari wa macho. Muda wote unaobaki ni kutia kivuli juu ya maamuzi hayo, yawe mema au mabaya. Kwa hiyo ukichora sura moja kubwa kila Jumapili, unafanya maamuzi hayo mara nne kwa mwezi, na pengine mtoto anaamka. Ukichora vichwa vitatu kwa siku, kila kimoja dakika mbili, umeyafanya mara tisini. Rafiki yako wa mabango anajua anachosema. Mtu anayechora bango juu ya ngazi huku mwenye duka anamtazama hana nafasi ya kusitasita.

Sasa turudi kwa nyanya, kwa sababu makosa uliyoyataja yananieleza mengi. Macho kukaa juu sana ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayejifunza. Kwa mtu mzima anayekutazama usoni, mstari wa macho hukaa karibu katikati kabisa, ukipima kutoka utosini hadi kidevuni. Wengi hawaamini mpaka wapime kwa penseli. Sisi hutazama macho, pua na mdomo kwa sababu hapo ndipo mtu anapozungumza nasi, na sehemu ya juu ya fuvu haizungumzi, basi tunaipunja. Wewe ulikuwa na mtego wa pili: kilemba. Utosi ulifichika, ukachora uso ukauvika kitambaa, badala ya kuchora fuvu kwanza na kulifunika baadaye. Kuanzia leo, mtu akiwa na kofia, kilemba au helmeti ya boda, anza na fuvu zima, hata kama mistari yake itafunikwa yote.

Uso wa mzee nao una mambo yake. Mtu akipoteza meno, umbali kati ya pua na kidevu hupungua, midomo inaingia ndani, na kidevu kinasogea mbele. Ukimchorea nyanya umbali wa mtu wa miaka 30 halafu ukaongeza mikunjo, utapata kijana aliyekunjamana. Na ule mdomo wa kudai deni, nadhani uliuzungushia mstari mzito pande zote. Jaribu kuchora mstari mmoja tu, ule wa mahali midomo inapokutana, na pembe zake mbili. Mdomo wa chini uuonyeshe kwa kivuli kidogo kilicho chini yake. Pembe za mdomo ndizo zinazobeba hali ya mtu, na zikishuka milimita moja tu nyanya anakasirika.

Haya, mazoezi yenyewe. Nunua daftari dogo linaloingia mkobani na kalamu ya wino ya kawaida. Si penseli, na raba iache nyumbani. Wino unakulazimisha kuamua kabla ya kugusa karatasi, na ukikosea unaanza kichwa kingine pembeni badala ya kupoteza muda ukifuta. Andika tarehe chini ya kila ukurasa. Usimwonyeshe mtu, hasa shangazi zako.

Kila mchoro uwe na swali moja tu. Hili ndilo wengi hulikosa. Wanachora haraka kila siku, ukurasa juu ya ukurasa, na baada ya miezi wanajikuta wakirudia makosa yale yale kwa kasi zaidi. Kwa majuma mawili ya kwanza, swali lako liwe mwinamo wa kichwa na hakuna lingine. Chora yai, chora mstari wa katikati ya uso kutoka paji hadi kidevu, chora mstari wa macho unaoukata, kisha mistari miwili ya shingo inayoshuka hadi mabegani. Nusu dakika inatosha. Hakuna jicho, hakuna pua. Shingo usiisahau, maana shingo ya mtu huinamia mbele. Ukiisimamisha wima kama nguzo, kichwa chochote utakachoweka juu yake kitakuwa cha sanamu.

Baada ya hapo ongeza sikio. Mtu akikutazama sawasawa, sikio hukaa takriban kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua. Akiinamisha kichwa kusoma simu, masikio yanapanda ukilinganisha na macho. Akiinua uso kutazama juu, yanashuka. Ukilipata sikio, umeupata mwinamo wote, na hapo ndipo mtu anapoanza kufanana na yeye mwenyewe hata kabla hujamwekea macho. Nyumbani una mtu wa kumchora bure, mtoto wako akiwa usingizini. Ila kwa mtoto kanuni ya katikati haifanyi kazi: fuvu lake ni kubwa na uso ni mdogo, kwa hiyo macho yake hukaa chini ya nusu. Ukiyaweka katikati utamzeesha.

Swali la tatu ni vivuli. Kunja macho kidogo mpaka maelezo madogo yapotee, ubaki unaona sehemu mbili tu, ya mwanga na ya giza. Chora mpaka wa giza kama vile unachora kisiwa kwenye ramani: chini ya nyusi, ubavu wa pua, chini ya mdomo, chini ya taya. Jaza kwa mistari ya haraka. Dakika mbili, basi. Utashangaa jinsi mtu anavyotambulika bila hata mboni ya jicho.

Wapi? Umesema huna muda, na mimi nakuamini, lakini una foleni. Matatu ikiwa stejini Kondele ikisubiri kujaa, una visogo na masikio mbele yako, vimetulia. Kanisani wakati wa mahubiri. Huduma Centre ukisubiri nambari yako. Vijana wa boda boda wakiwa kivulini hukaa kwa mikao ambayo hakuna studio inayoweza kuipanga: mmoja kalalia tangi, mwingine kakaa kiti cha abiria kinyumenyume.

Lakini mahali pa kwanza kabisa ni saluni. Sijui kwa nini wachoraji wetu hawajapagundua. Mtu anayesukwa hukaa saa tatu, saa nne, na anayesukwa rasta ndogo anaweza kumaliza mchana mzima. Msusi anamshika kichwa, anakiinamisha mbele, anakigeuza kushoto, anakiinua, na kila mara kinabaki pale dakika kadhaa. Mwalimu wa kuchora angelipa pesa kupata mtu wa kukaa hivyo. Kuna kioo mbele, kwa hiyo ukikaa nyuma unaona kisogo na uso kwa wakati mmoja. Na nywele zikiwa zimegawanywa kwa mistari, umbo la fuvu linaonekana wazi, lile lile ulilolikosa kwa nyanya. Mistari ya kichwani inazunguka fuvu na kukuonyesha linapopinda. Zungumza na msusi wako. Mwambie unataka kukaa kwenye benchi saa moja kila Jumamosi jioni na daftari lako, na umwombe ruhusa kila mteja anayekaa. Wengi watakubali kwa sababu wanachoshwa na kukaa. Kinyozi pia anafaa, ingawa wateja wake huondoka mapema, na kule utapata vidole vya kinyozi juu ya kichwa, mazoezi mengine magumu kwa siku nyingine.

Dukani huwezi kuchora mteja akiwa mbele yako anahesabu misumari, na mwajiri wako hatafurahi. Hapo tumia kumbukumbu. Mjini Paris katika karne ya 19 kulikuwa na mwalimu aitwaye Horace Lecoq de Boisbaudran aliyewafunza wanafunzi kutazama kitu, kukiacha, kisha kukichora bila kukiona tena. Auguste Rodin, mchongaji mashuhuri wa Ufaransa, alipita mikononi mwake. Wewe fanya hivi: mteja mmoja kwa siku, mtazame anapolipa, na ujisemee moyoni mambo matatu. Pua fupi, ncha ya duara. Vitefute vipana kuliko taya. Nyusi zinashuka kwa nje. Akitoka, nyuma ya karatasi yoyote, dakika moja. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji jambo linalokaribia hilo karne kadhaa kabla: watembee na kijitabu kidogo, na wakariri aina za pua, midomo na videvu, ili wakikutana na sura waiweke akilini kwa vipande. Mchoro wa kumbukumbu utakuwa mbaya. Faida yake utaiona kesho yake, kwa sababu jicho lililoshindwa kukumbuka pua jana litaitazama pua kwa bidii leo.

Siku ambayo hukumpata mtu, kuna kioo cha bafuni. Rembrandt, yule Mholanzi wa karne ya 17, alijichora maisha yake yote. Mwaka 1630, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alichonga kwenye bamba la shaba uso wake mwenyewe ukiwa umeshtuka, macho yametoka, mdomo wazi. Bamba lenyewe ni la milimita 51 kwa 46. Fikiria hilo kabla hujafungua A3 nyingine.

Kuhusu simu, nakuomba kitu kimoja. Mazoezi yako yatoke kwa watu, si kwa skrini, angalau mpaka Desemba. Lenzi ya simu huona upana mkubwa, kwa hiyo mtu akipigwa karibu, kama kwenye selfi ya urefu wa mkono, pua huvimba na masikio hurudi nyuma. Ukizoea kuchora picha hizo, mkono wako unakariri upotofu huo, halafu unamshangaa nyanya kwa nini ana masikio. Ukilazimika kupiga picha, simama hatua mbili tatu nyuma na uvute kwa zumu.

Jumapili yako usiitupe. Ipunguze. Badala ya A3, nusu saa, kichwa kimoja, ukubwa wa kiganja, mtoto akiwa amelala au akiwa ndiye anayechorwa. Hapa ndipo utumie penseli, na ningependa utumie karatasi ya kaki, ile ya kufunikia vitabu vya shule. Ni nafuu na rangi yake inakusaidia. Wengi wanaochora ngozi nyeusi kwa penseli juu ya karatasi nyeupe huanza kwa kuupaka uso wote kijivu, kisha wanasugua kwa kidole mpaka unakuwa kama masizi. Ngozi nyeusi haikai hivyo. Mwanga unapoigusa hung'aa kwa ukali kwenye paji, kitefute, daraja la pua na mdomo wa chini, na mng'ao huo una mipaka iliyo wazi. Kwenye kaki, rangi ya karatasi yenyewe ndiyo ngozi ya kati; giza weka kwa mkaa laini, na mng'ao kwa chaki nyeupe, kidogo sana, mwishoni. Penseli ya kawaida ikirundikwa hung'aa yenyewe na kuharibu giza, ndiyo maana nakupendekezea mkaa. Ukimaliza, itazame karatasi ndani ya kioo cha kujitazamia. Kosa ambalo jicho lako limelizoea litakurukia.

Yule mama wa omena alikuwa na haki. Mtu anayemtazama muuzaji juu chini juu chini huku akiandika kitu, Kibuye au soko lolote, anafanana na mtu wa kaunti. Siku nyingine nunua omena kwanza, hata debe dogo la gorogoro. Amkua. Mwambie unajifunza kuchora, umwonyeshe daftari lenye vichwa vingine, kisha umwombe. Akikataa, umepata omena. Akikubali, chana ukurasa umpe. Wewe ulichokitaka kimeshaingia machoni. Ukikosa ujasiri huo, kaa mbali, uchore wanaonunua, maana wao hawakai na hawajali. Ufuoni Dunga asubuhi, akina mama wanaosubiri mashua za samaki hukaa muda mrefu wakipiga soga, na mtu aliyekaa chini kama wao hasumbui kama aliyesimama.

Kaka yako mwache na programu yake. Inageuza picha, na huyo mzee wa Desemba hapigwi picha.

Sasa kazi ya Desemba. Ikubali, lakini si leo. Chora kwa majuma sita kwanza, kama nilivyokueleza. Kisha fungua daftari, linganisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Kama macho yameshuka mahali pake na shingo zimeinama, mpigie mteja. Kama bado, mwambie ukweli; Oktoba atapata muda wa kutafuta mtu mwingine.

Ukikubali, usiende siku moja na karatasi moja. Omba kwenda mara tatu. Mara ya kwanza unywe chai nao, uchore vichwa vidogo tu kwenye daftari, wao wakizungumza. Usimwambie mzee akae kimya atazame mbele. Mtu asiyependa kamera hapendi hilo hasa. Mwache abishane na mkewe kuhusu mwaka walionunua ng'ombe wa kwanza, na wewe utafute ule mwinamo ambao kichwa chake hurudia kila anaposikiliza. Kila mtu ana mmoja. Ndio utakaomkalisha nao mara ya pili, kwa dakika ishirini ishirini na mapumziko katikati, kwa sababu wazee huchoka na shingo huuma. Mara ya tatu ni ya kurekebisha tu. Vichwa viwili vikae kwenye karatasi moja, kimoja kikianza kabla kingine hakijamalizika, la sivyo utapata mzee mkubwa na mke mdogo.

Karatasi isizidi A4. Mwambie mteja mapema ukubwa huo, asije akashangaa. Chukua nusu ya malipo kabla ya safari ya kwanza, na nauli juu yake, kwa sababu utakwenda mara tatu hata kama watabadili mawazo. Fremu na kioo anunue mwenyewe, na aviagize kabla ya katikati ya Desemba, maana baada ya hapo mafundi wa fremu huwa wamefurika kazi.